Kujua na Kujifanya Hujui: Uhakiki wa Sanaa ya Uigizaji ya Peter Falk katika Televisheni na Filamu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maisha na kazi za Peter Falk (1927–2011), mwigizaji wa Marekani aliyejulikana zaidi kwa uhusika wa Luteni Columbo. Umaarufu wake huelezwa mara nyingi kwa vitu vya nje: koti kuukuu, sigara nene na maswali yasiyokwisha. Hoja ya makala ni kwamba vitu hivyo vimesimama juu ya jambo la msingi zaidi. Sanaa ya Falk ilijengwa juu ya pengo lililopo kati ya kile anachokijua mhusika na kile anachojifanya kukijua. Katika Columbo mhusika anajua naye anajifanya hajui. Katika A Woman Under the Influence hajui naye anajifanya anajua. Katika Mikey and Nicky anajua, anaficha, na kuficha kwake ni usaliti. Uchambuzi wa kazi hizo unaonesha kwamba mbinu moja ya uigizaji inaweza kubeba maana tatu za kimaadili zinazopingana.

1.0 Utangulizi

Mwigizaji anayetambulishwa kwa uhusika mmoja hukabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni jina lake kumezwa na jina la mhusika. Ya pili ni kazi zake nyingine kuhesabiwa kuwa mambo ya pembeni. Falk alikumbwa na zote mbili. Kuanzia mwaka 1968 hadi 2003 aliigiza Columbo, mpelelezi wa polisi wa Los Angeles, katika vipindi 69 vyenye urefu wa filamu, na kwa watazamaji wengi Falk na Columbo ni mtu mmoja. Hata hivyo, katika muongo wa 1970, wakati umaarufu huo ulipokuwa kileleni, alikuwa pia akifanya kazi na John Cassavetes, mwongozaji aliyetengeneza filamu zake muhimu nje ya mfumo wa studio kubwa za Hollywood. Filamu hizo zina vurugu, maumivu na kutoelewana, na ziko mbali sana na utulivu wa hadithi za upelelezi.

Swali linaloongoza uhakiki huu ni hili: kuna uhusiano gani wa kisanaa kati ya Falk wa televisheni na Falk wa filamu hizo? Jibu jepesi ni kwamba hakuna. Upande mmoja ulimpa riziki na upande wa pili ukampa heshima. Makala haya yanalikataa jibu hilo. Yanadai kwamba pande hizo mbili zinafasiriana, na kwamba mtazamaji asiyemjua Nick Longhetti au Mikey hawezi kutambua kikamilifu ni kitu gani kinachomfanya Columbo aaminike.

2.0 Njia ya Kuingia Sanaani

Falk alizaliwa jijini New York tarehe 16 Septemba 1927 katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Ulaya Mashariki, akakulia Ossining, mji ulio kando ya mto Hudson. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu aliondolewa jicho la kulia kwa sababu ya uvimbe wa saratani, akaishi na jicho la bandia maisha yake yote. Mwenyewe alipenda kusimulia kisa cha siku za shule ya sekondari: mwamuzi wa besiboli alimtoa mchezoni kwa uamuzi ambao Falk aliuona si wa haki, naye akalichomoa jicho lake la bandia na kumkabidhi mwamuzi alitumie. Kisa hiki kinachekesha, lakini thamani yake kwa mhakiki ni kubwa kuliko kicheko. Kinamwonesha kijana aliyejifunza mapema kwamba kile ambacho wengine wanakiona kuwa kasoro kinaweza kugeuzwa kuwa chombo cha kumshangaza mwenye mamlaka.

Jeshi lilimkataa kwa sababu ya jicho hilo, akaenda kufanya kazi ya upishi katika meli za biashara. Baadaye alisoma katika New School for Social Research, na mwaka 1953 akapata shahada ya uzamili ya utawala wa umma katika Chuo Kikuu cha Syracuse. Aliajiriwa kuwa mchambuzi katika ofisi ya bajeti ya jimbo la Connecticut, mjini Hartford. Mchana alikuwa mtumishi wa serikali. Muda uliobaki aliigiza na kikundi cha ridhaa. Katika kipindi hicho alihudhuria mafunzo ya Eva Le Gallienne, mwigizaji mashuhuri wa jukwaani, yaliyokusudiwa kwa waigizaji wa kulipwa. Falk alijifanya kuwa mmoja wao. Alipobanwa na kukiri kwamba hakuwa mwigizaji, mwalimu wake alimwambia kwamba alipaswa kuwa. Mwaka 1956, akikaribia umri wa miaka 29, aliacha kazi ya ofisini na kuhamia New York.

Mwaka huohuo alipata nafasi katika tamthilia ya Eugene O'Neill, The Iceman Cometh, iliyoongozwa na José Quintero katika ukumbi wa Circle in the Square. Aliigiza mhudumu wa baa, yaani mtu anayesikiliza wakati wengine wanazungumza. Hollywood haikumpokea kwa urahisi. Inasimuliwa kwamba Harry Cohn, mkuu wa studio ya Columbia, alimkataa kwa hoja kwamba kwa bei ileile angeweza kumpata mwigizaji mwenye macho mawili. Kauli hiyo ilipitwa na wakati upesi. Falk aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kuigiza muuaji katika Murder, Inc. (1960), akateuliwa tena kwa Pocketful of Miracles (1961) ya Frank Capra, na mwaka 1962 akashinda tuzo ya Emmy kwa tamthilia ya televisheni The Price of Tomatoes.

Mambo mawili katika maisha haya yanastahili kuzingatiwa kabla ya kuingia katika uchambuzi. Kwanza, Falk aliifahamu kazi ya ofisi ya umma kutoka ndani. Alijua mtumishi wa mshahara wa kawaida anavyotembea, anavyobeba karatasi na anavyosubiri kuhudumiwa. Pili, aliingia katika taaluma yake kwa kujifanya. Mambo hayo mawili ndiyo malighafi ya Columbo.

3.0 Columbo: Anayejua na Kujifanya Hajui

3.1 Muundo wa hadithi

Mhusika Columbo alibuniwa na Richard Levinson na William Link. Kabla ya Falk alikuwa ameigizwa na Bert Freed katika televisheni mwaka 1960, na na Thomas Mitchell jukwaani mwaka 1962. Falk aliuchukua uhusika huo katika filamu ya televisheni Prescription: Murder (1968). Mfululizo wenyewe ulianza mwaka 1971 katika kituo cha NBC kwa kipindi Murder by the Book, kilichoongozwa na Steven Spielberg aliyekuwa bado kijana, na ukaendelea hadi 1978. Ulirejeshwa na kituo cha ABC kuanzia 1989.

Msuko wa vipindi hivi karibu wote ni wa kinyume. Hadithi ya upelelezi iliyozoeleka humficha muuaji hadi mwisho. Hapa mtazamaji anashuhudia mauaji mwanzoni, anamjua muuaji, na kwa kawaida anajua mbinu aliyoitumia. Taharuki haitokani na swali la nani ameua. Inatokana na swali jingine: mpelelezi amejua lini? Swali hilo halijibiwi waziwazi. Columbo hana rafiki wa kumweleza mawazo yake, hasikiki akiwaza kwa sauti, na mke wake anayetajwa kila mara haonekani kamwe. Waandishi walimwachia mwigizaji jukumu zito: aonekane amepumbaa machoni pa muuaji, na wakati huohuo mtazamaji ahisi kwamba nyuma ya upumbavu huo kuna akili inayofanya kazi, pasipo kuoneshwa ni wapi moja inakoma na nyingine inaanzia.

3.2 Mwili na mavazi

Falk alitekeleza jukumu hilo kwa mwili. Koti la mvua lilikuwa lake mwenyewe. Hakupewa na idara ya mavazi. Gari la Columbo, Peugeot 403 iliyochakaa, linaunga mkono picha ya mtu asiyeyamudu maisha. Anapapasa mifukoni akitafuta penseli, anaazima kalamu ya mshukiwa, anashika paji la uso, anaaga, anafika mlangoni, kisha anarudi na swali moja zaidi. Mtazamaji wa haraka huviita vitendo hivi vichekesho. Kiuigizaji ni namna ya kununua muda. Kila mara mkono unapozama mfukoni, macho yanabaki huru kutazama chumba. Kila mara anapoaga, mshukiwa hushusha pumzi, na swali la mlangoni linamkuta bila kinga. Hata jicho la bandia linachangia: mtazamaji hana uhakika kamili Columbo anatazama wapi, na shaka hiyo ndiyo shaka ya muuaji.

Levinson na Link walikiri deni lao kwa Porfiry Petrovich, mpelelezi wa riwaya ya Dostoyevsky, Uhalifu na Adhabu. Msomaji wa Kiswahili kwa upande wake atamkumbuka Abunuwasi, ambaye naye huwashinda wakubwa kwa kuonekana mjinga mbele yao. Ulinganisho huo una mpaka. Abunuwasi hufurahia ushindi wake hadharani, na hadithi humalizika kwa kicheko. Columbo anaposhinda, mara nyingi uso wa Falk huonesha uchovu, na pengine huruma.

3.3 Tabaka na heshima

Wauaji wa Columbo kwa kawaida ni watu wa tabaka la juu: madaktari bingwa, waandishi, wanamuziki, wenye viwanda. Kosa lao la kwanza ni kuua. Kosa lao la pili, linalowaangusha, ni kumdharau mtumishi wa mshahara mdogo. Katika Étude in Black (1972) muuaji ni kiongozi wa okestra, aliyeigizwa na Cassavetes mwenyewe. Columbo anaitazama nyumba yake ya kifahari, anauliza thamani yake, kisha anaanza kupiga hesabu akilinganisha na mshahara wa polisi. Juu juu ni ushamba. Undani wake ni uchunguzi wa kile ambacho mtu huyo angepoteza iwapo ndoa yake na binti wa mfadhili wa okestra ingevunjika, yaani sababu ya mauaji. Swali la maskini kuhusu bei limekuwa swali la mpelelezi kuhusu nia.

Katika The Bye-Bye Sky High I.Q. Murder Case (1977), Columbo anamweleza mshukiwa mwenye akili nyingi kwamba tangu shuleni alikuwa akikutana na watu waliomzidi akili, akaamua kwamba kwa kufanya kazi zaidi, kusoma zaidi na kuwa makini zaidi angeweza kufika. Falk anayasema maneno haya kwa utulivu, bila kejeli. Hapo inadhihirika kwamba unyenyekevu wa Columbo si uongo mtupu. Anajifanya hajui jambo analolijua, lakini hajifanyi kuwa mtu wa tabaka asilokuwa nalo. Kinyago kimechongwa kwa mti wa nyumbani.

Mara chache kinyago huanguka. Katika A Stitch in Crime (1973) daktari bingwa wa upasuaji, aliyeigizwa na Leonard Nimoy, anacheka anapoambiwa kwamba anashukiwa kuua na kwamba anapanga kuua tena. Columbo anakibamiza chombo cha maji juu ya meza, na kicheko kinakatika. Tukio hilo ni la sekunde chache, lakini linabadilisha maana ya upole wote uliotangulia: upole ulikuwa uamuzi. Kinyume chake ni mwisho wa Any Old Port in a Storm (1973). Muuaji, mtaalamu wa mvinyo aliyeigizwa na Donald Pleasence, amenaswa kwa sababu ulimi wake ulitambua kwamba mvinyo aliohudumiwa, uliotoka katika ghala lake mwenyewe, umeharibiwa na joto. Kabla ya kumfikisha mahabusu, Columbo anasimamisha gari na kunywa naye mvinyo. Amejifunza fani ya adui yake ili amkamate, na katika kujifunza huko amemheshimu. Hakuna hotuba, kuna glasi mbili na watu wawili wanaoelewana.

4.0 Nick Longhetti: Asiyejua na Kujifanya Anajua

Falk alikuwa ameigiza na Cassavetes na Ben Gazzara katika Husbands (1970), hadithi ya marafiki watatu wanaoshindwa kuomboleza kifo cha mwenzao. Kazi yao kubwa zaidi pamoja ilikuja mwaka 1974 katika A Woman Under the Influence, ambayo Falk aliisaidia kwa fedha zake mwenyewe. Gena Rowlands aliteuliwa kuwania Oscar kwa uhusika wa Mabel, mke anayeelemewa na maisha hadi akili yake inayumba. Ni haki sifa hizo zilimwendea yeye, lakini filamu haiwezi kusimama bila Nick, mumewe, msimamizi wa mafundi wa manispaa.

Nick ni Columbo aliyegeuzwa ndani nje. Ni mfanyakazi wa tabaka lilelile, lakini sasa ndiye mwenye mamlaka ndani ya nyumba, naye haelewi kinachotokea. Bomba la maji linapopasuka anashindwa kurudi kwa mkewe usiku aliomwahidi. Asubuhi anamletea kundi zima la wafanyakazi, na Mabel anawapikia tambi. Mezani Mabel anajitahidi mno kuwapendeza wageni. Falk anaketi akitazama, akitabasamu, na tabasamu linakauka polepole hadi linageuka kuwa ukelele. Katika Columbo ukimya wa Falk unamaanisha kwamba anaelewa. Hapa ukimya uleule unamaanisha kwamba hana la kusema, na sauti kubwa inakuja kuziba pengo.

Baada ya Mabel kupelekwa hospitalini kwa miezi sita, Nick anawachukua watoto ufukweni kwa lazima, akiwaamrisha wafurahi, na njiani kurudi anawaacha wanywe bia. Anapotoka hospitalini mkewe, Nick amealika umati wa watu kumpokea, kisha inabidi wafukuzwe. Kila tendo lina nia njema na kila tendo linaumiza. Falk haombi mtazamaji amsamehe Nick wala amlaani. Anaonesha mwanamume ambaye jamii imemfundisha kwamba baba wa familia hana budi kujua, na ambaye hathubutu kukiri kwamba hajui. Mwishoni wawili hao wanasafisha nyumba na kutandika kitanda karibu kimyakimya. Hakuna kilichotatuliwa. Kwa mara ya kwanza, hata hivyo, Nick ameacha kujifanya, na ndipo nyumba inapotulia.

5.0 Mikey: Ujuzi Kama Usaliti

Mikey and Nicky (1976), iliyoandikwa na kuongozwa na Elaine May, inakamilisha utatu huu. Nicky, aliyeigizwa na Cassavetes, ni mhalifu mdogo anayeamini kwamba genge lake limeamuru auawe. Anamwita Mikey, rafiki yake tangu utotoni. Mikey anafika, anampa dawa ya vidonda vya tumbo, anambembeleza, anamzungusha mjini usiku kucha. Taratibu mtazamaji anatambua kwamba Mikey anashirikiana na muuaji aliyetumwa.

Mbinu zote za Columbo zipo hapa: upole, subira, simu anazoomba kupiga, uso usiofichua kitu. Mpelelezi alizitumia kumnasa muuaji. Mikey anazitumia kumnasa rafiki. Tofauti nyingine inahusu mwili. Falk anamfanya Mikey awe na mikono isiyotulia na macho yanayokwepa, kwa kuwa anachokificha kinamla. Alfajiri Nicky anagonga mlango wa nyumba ya Mikey akiomba kufunguliwa, na Mikey aliye ndani anauzuia kwa fanicha hadi risasi zinapolia. Mtu aliyezoeleka kwa kurudi mlangoni na swali moja zaidi sasa ndiye anayeufunga mlango.

Filamu hii inaweka wazi jambo ambalo mfululizo wa televisheni uliliacha kivulini. Kujifanya hujui si wema kwa asili yake. Ni mamlaka juu ya mtu asiyejua kwamba unajua. Falk aliufahamu upande huo wa giza na aliuigiza bila kujilinda.

6.0 Mwigizaji Kama Nafsi Yake

Mwaka 1987 Falk alionekana katika Wings of Desire ya Wim Wenders, filamu kuhusu malaika wanaowaangalia watu wa Berlin. Anaigiza mwigizaji wa Marekani anayefanana naye mwenyewe. Vijana mtaani wanamtambua kama Columbo. Baadaye inabainika kwamba mtu huyu alikuwa malaika aliyechagua kuwa binadamu. Kwenye kibanda cha vinywaji anahisi uwepo wa malaika asiyeonekana, anamnyoshea mkono, na kumweleza raha ya kahawa, ya sigara, ya kusugua viganja wakati wa baridi.

Hapa pengo lililochunguzwa katika makala haya linazibwa. Falk anajua, na anachokijua anakigawa. Hamtegi anayemsikiliza, anamkaribisha. Koti na uso wa mpelelezi vimebaki, lakini ujuzi umekuwa zawadi. Hali kama hiyo inaonekana katika The Princess Bride ya mwaka huohuo, ambamo babu anamsomea mjukuu mgonjwa hadithi ambayo mwisho wake anaufahamu tayari.

7.0 Mipaka ya Mafanikio

Hoja hii haipaswi kuficha udhaifu uliopo. Columbo ni mhusika bapa kwa maana ya kiuhakiki: habadiliki katika miaka 35. Katika vipindi vya ABC vitendo vilivyokuwa mbinu vinageuka mara kwa mara kuwa mazoea. Papasapapasa ya mifuko inarefushwa kwa sababu mtazamaji anaisubiri, si kwa sababu mshukiwa anapaswa kupumbazwa. Aidha, ukosoaji wa tabaka una kikomo. Tajiri mmoja huadhibiwa, lakini mpangilio uliomlea hauguswi, na wakazi maskini wa Los Angeles ni nadra kuonekana. Polisi asiyetumia nguvu ni picha inayofariji, na faraja hiyo inaweza kumsahaulisha mtazamaji polisi wa namna nyingine.

Hata hivyo, udhaifu huo ni wa mfululizo zaidi kuliko wa mwigizaji. Tuzo nne za Emmy alizopata Falk kwa Columbo, ya mwisho ikiwa ya mwaka 1990, zinathibitisha kukubalika kwake katika tasnia. Ushahidi wa kisanaa uliobaki unapatikana katika filamu ambazo hazikumpa tuzo hizo.

8.0 Hitimisho

Falk alifariki dunia Beverly Hills tarehe 23 Juni 2011, akiwa na umri wa miaka 83, baada ya kuugua ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Uhakiki huu umeonesha kwamba kazi zake za televisheni na za filamu zilitumia chombo kimoja: uso unaoficha kiasi cha ujuzi wa mwenye uso. Kwa Columbo chombo hicho kinatetea haki, kwa Nick kinaficha hofu, kwa Mikey kinaua urafiki, na kwa malaika wa Berlin kinawekwa chini. Kwa hiyo Columbo haaminiki kwa sababu ya koti lake. Anaaminika kwa sababu mwigizaji wake alijua gharama ya kuficha, na katika kila upole wa mpelelezi aliiacha gharama hiyo ionekane kidogo.